Mbwa Watatu, Mabakuli Matatu, Mlango Mmoja

Chui, mbwa wangu mzee, ana miaka 12; sikio la kushoto limeshaziba na nyonga humsumbua kila anapoinuka. Pili ni jike wa miaka 5, mpole kwa kila kitu isipokuwa chakula. Radi ana miezi minne na anatafuna chochote kinachoingia mdomoni. Watu huniuliza nimewafanyaje wakapendana. Sijawafanya chochote. Mimi nahakikisha tu hakuna wa kugombania kitu na mwenzake. Hayo mengine watajuana wenyewe.

Anza na chakula, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Kwangu kila mmoja anakula asipomwona mwenzake: Radi jikoni na mlango umefungwa, Pili kwenye kona ya ukumbi, Chui chumbani, kwa sababu mzee anatafuna taratibu na hapendi kuharakishwa. Wakimaliza, mabakuli yote naondoa. Hata yaliyo tupu, tena hasa hayo, kwani Pili hulilinda bakuli lililorambwa likang'aa kama vile bado lina nyama. Usiwape chakula kimoja pia. Chakula cha mbwa mtoto kina nguvu nyingi za kumkuza. Mzee akikila kila siku ananenepa, na uzito huo unaishia kwenye nyonga.

Siku Radi alipopenya mlango na kumsogelea Pili akila, nilikuwa nimesimama hatua mbili tu. Pili hakubweka. Aliacha kutafuna. Kichwa kikabaki ndani ya bakuli, shingo ikakakamaa, weupe wa jicho ukaonekana pembeni, kisha akaanza kula mbio mbio. Hapo ndipo pa kumwita mdogo aondoke, kwa sauti ya kawaida. Ukisubiri mpaka usikie kelele umeshachelewa. Na mkia usikudanganye: ulioinuliwa juu, mgumu, unaotikisika kidogo kidogo kwa haraka, si wa furaha.

Sasa nikwambie kosa langu. Chui alipoanza kumnguruma Radi, nilikuwa namkaripia. Nikajiona nafundisha adabu. Baada ya wiki chache akaacha kunguruma kweli, na Jumapili moja akamng'ata Radi sikio bila onyo lolote, jino likapita upande wa pili. Nilikuwa nimemnyima sauti, akabaki na meno. Siku hizi akinguruma namshukuru kimoyomoyo, namwinua Radi na kumpeleka kwingine.

Nilimwona pia daktari wa mifugo, na kumbe nusu ya hasira zile ilikuwa maumivu. Mbwa mpole akibadilika ghafla, mpime viungo na meno kabla ya kumwita mkorofi. Chui sasa anapewa dawa yake, na uvumilivu umerudi kiasi. Dawa za maumivu za watu usimpe kamwe. Ibuprofeni inaweza kumuua.

Mzee anahitaji pia mahali ambapo mtoto hafiki. Nimeweka ubao kwenye mlango wa chumba, mrefu kiasi kwamba Radi haruki. Chui akitaka kupita anasimama pale ananitazama, nami natoka kumfungulia. Kazi ndogo, lakini ndiyo iliyoleta utulivu nyumbani kuliko mafunzo yote.

Na mtoto alale! Wa umri huo anaweza kulala saa 18 kwa siku. Radi akianza kukimbia ukumbini jioni akiwauma wenzake visigino, huwa amechoka. Namtia kwenye kizimba chake na kitu cha kutafuna. Mara nyingi dakika tano haziishi kabla hajalala.

Ukileta mbwa mpya, usimwingize moja kwa moja ndani. Wakutane nje, mahali ambapo si pa mmoja wao, kila mmoja na mtu wake na kamba iliyolegea. Tembeeni upande mmoja, mbali mbali kwanza, mkikaribiana polepole. Kuwasimamisha pua kwa pua huku kamba zimevutwa ni kuwachongea. Kabla hawajaingia nyumbani, okota mifupa na vya kuchezea.

Chanjo na dawa ya minyoo zinajulikana. Minyoo watibu wote siku moja, la sivyo wataambukizana upya. Jike asiyefungwa kizazi huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, na madume waliokuwa marafiki wanaweza kuvaana kwa ajili yake.

Wakipigana, usitie mkono katikati wala usishike shingo. Gonga sufuria, mwaga maji, tupa blanketi. Ikishindikana na mko wawili, kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa wake na kurudi kinyumenyume. Watenganishe vyumba mpaka wapoe kabisa, halafu pekua manyoya kwa vidole: tundu la jino huwa dogo juu na refu ndani.

Usiku kila mmoja anapata dakika kumi za kuwa na mimi peke yake. Radi anafundishwa kukaa, Pili anachanwa manyoya. Chui ni wa mwisho, namsugua nyonga mpaka apumue kwa nguvu na kulala ubavu. Halafu natoka na kurudisha ubao.