Kabla Hujafunga Difu ya 4.44 kwenye Impreza WRX

Vijana wanaoniletea Subaru Impreza WRX hapa gereji, Nairobi, wengi hufika wameshaamua. "Fundi, niwekee 4.44, nataka gari liruke." Difu ni meno ya mwisho kabla ya magurudumu, na hiyo 4.44 (kwa ukamilifu 4.444) ni uwiano wake: namba ikiwa kubwa, gia zote huwa fupi, yaani gari linavuta kwa nguvu zaidi lakini kila gia inakwisha kwenye mwendo mdogo. Huwa nawauliza kwanza: unaliendeshea wapi? Anayepanda Mai Mahiu kuja Limuru kila wiki, anayecheza autokrosi (mashindano ya muda kwenye njia fupi yenye kona nyingi), na anayeshuka Mombasa kila mwisho wa mwezi hawawezi kufungiwa gia zilezile.

Tuanze na kalamu, spana baadaye. WRX nyingi za gia tano zina namba hizi, kuanzia gia ya kwanza hadi ya tano: 3.454, 1.947, 1.366, 0.972 na 0.738, na uwiano wa mwisho, yaani namba ya difu, wa 3.9. Hakikisha za kwako, maana giaboksi za mitumba kutoka Japani zimechanganyika sana. Kisha pima tairi. Piga alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mpaka tairi limalize mzunguko mmoja, halafu pima kwa futi ya fundi. Tairi la saizi ya 205/55R16 kwa hesabu ya karatasi ni mita 1.985, likibeba uzito wa gari hupungua kidogo.

Hesabu yenyewe ni hii: mizunguko ya injini kwa dakika, mara mzingo wa tairi kwa mita, mara 0.06, gawanya kwa jibu la gia mara uwiano wa mwisho. Jibu ni kilomita kwa saa. Ukivuta mpaka mizunguko 7,000 kwa difu ya 3.9, gia ya kwanza inaishia 62, ya pili 110, ya tatu 156, ya nne 220. Weka 4.444 na zinakuwa 54, 96, 137 na 193.

Itazame vizuri hiyo gia ya pili. Kwa 3.9 unafika 100 bila kugusa ya tatu. Kwa 4.444 inakwisha kwenye 96, kwa hiyo lazima ubadilishe gia mara moja zaidi ndipo uione 100. Mtu anayenunua difu ili apunguze sekunde za sifuri hadi 100 anaweza kulipa pesa nyingi na saa isimwonyeshe kitu. Ila kwenye autokrosi, ambako muda mwingi uko kwenye ya pili unatoka kona hadi kona, msukumo wa ziada wa asilimia 14 utausikia kila unapokanyaga mafuta. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na turbo huchelewa kuamka; gia fupi huifikisha injini mahali pake mapema. Msafiri wa Mombasa naye atalipa kwa kelele na petroli: kwa kilomita 100 kwa saa, gia ya tano itapanda kutoka mizunguko kama 2,400 hadi 2,750.

Kuna jambo ambalo difu haligusi kabisa, nalo ni pengo kati ya gia na gia. Ukitoka ya kwanza kwenda ya pili kwenye 7,000, injini inaangukia 3,950 hivi, hata ukifunga difu gani. Kutoka ya pili kwenda ya tatu inaangukia 4,900. Injini hii huvuta vizuri kuanzia kama 4,000, kwa hiyo hilo pengo la kwanza ndilo linalokuangusha. Dawa yake ni gia ya kwanza ndefu zaidi. Ya 3.166 itakuangusha 4,300 tu. Peke yake itakula klachi kwenye mlima, lakini iunganishe na 4.444 uone: 3.166 mara 4.444 ni 14.07, na ile ya mwanzo ilikuwa 13.47. Unaondoka kwa wepesi kuliko zamani na pengo limezibika. Kama gari ni la mashindano na giaboksi inafunguliwa hata hivyo, mimi ningefanya hivyo. Kwa gari la kwenda kazini, acha gia za ndani zilivyo.

Sasa mahali ambapo pesa hupotea. WRX husukuma magurudumu yote manne, kwa hiyo mbele na nyuma lazima zilingane. Giaboksi ya 3.9 mara nyingi ina gia ya 1.1 ya kupeleka nguvu nyuma, na difu la nyuma ni 3.545; zidisha, utapata 3.9. Giaboksi ya 4.444 inayopeleka nguvu nyuma moja kwa moja inataka difu la nyuma la 4.444. Ukibadilisha upande mmoja tu, difu la katikati, lile linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, linateleza muda wote, linachemka, na halichukui muda kufa. Muuzaji wa spea wa Kirinyaga Road akikwambia "hii inaingia", ni kweli, bolti zitaingia.

Usiamini kibandiko cha difu. Shika gurudumu moja lisizunguke, zungusha la upande wa pili mara mbili kamili, na uhesabu shafti inayoingia kwenye difu inazunguka mara ngapi. Tatu na nusu hivi ni 3.545, karibu nne na nusu ni 4.444. Difu likiwa limefunguliwa, hesabu meno: 39 kwa 11, au 40 kwa 9.

Na kama bado hujui unataka nini, jaribu tairi kwanza. 205/50R16 hufupisha gia zote kwa asilimia 3 hivi, kama umefunga difu la 4.03, na ukichoka unarudisha tairi zako. Badilisha zote nne kwa pamoja, kwa sababu ileile ya difu la katikati.

Kazi ikishakamilika weka mafuta ya gia ya daraja la 75W-90 GL-5. Kwenye giaboksi hii difu la mbele linaoga mafuta hayohayo ya gia, kwa hiyo yamwage mapema baada ya kuzoesha meno mapya na upitishe sumaku ndani yake. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, rudisha gari kwa fundi kabla hujaliwasha tena.