Homa kali na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu? Fikiria dengue

Ndugu zangu wa Dar, Tanga na Mombasa, mvua zikianza msiiwaze malaria peke yake. Ukipata homa kali ya ghafla, kichwa kikakugonga, macho yakauma kwa nyuma na viungo vyote vikauma, halafu kipimo cha malaria kikaonyesha huna vimelea, usirudi nyumbani kumeza dawa ya mseto. Mwombe daktari akupime dengue, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Dar ilipata mlipuko mwaka 2014, ukaja mwingine 2019.

Cha kushika zaidi ni hiki: dawa ya kushusha homa ni parasetamoli tu. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki ziacheni kabisa, maana zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Kunywa maji kwa wingi, madafu, uji. Na homa ikishuka kati ya siku ya tatu na ya saba usishangilie haraka, kwani ndipo wengine huzidiwa. Tumbo likiuma sana, mgonjwa akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mbu wa dengue, aitwaye Aedes, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Chandarua cha usiku pekee hakitoshi (mtoto anayelala mchana naye afunikwe). Huzaliana humo humo nyumbani: pipa la maji, kisahani cha chungu cha maua, tairi, kifuu. Kila wiki mwaga maji, usugue kuta za pipa kwa brashi, kisha lifunike. Mayai hung'ang'ania pale na hustahimili ukavu kwa miezi.