Mshale kwenye sifuri si ugonjwa

Land Rover yangu ni ya 1964, na geji yake ya umeme ni amita, sifuri ikiwa katikati. Vijana wakiona mshale umekaa pale injini ikiunguruma huniambia, "Mzee, hii haichaji." Inachaji.

Amita inaonesha umeme unaoingia na unaotoka kwenye betri, basi. Zima injini, washa taa kubwa: mshale unalala upande wa kutoa, kama ampea 7 au 8, maana balbu mbili za wati 45 zinakula hapo. Sasa washa injini, kanyaga kidogo. Mshale unaruka upande wa kujumlisha, dynamo, mashine inayozalisha umeme wa gari, inarudisha kilicholiwa na stata, halafu unashuka pole pole mpaka karibu na sifuri. Betri imeshiba. Ukibaki upande wa kutoa hata ukiongeza mafuta, hapo kuna shida. Ukibaki juu safari nzima, ama betri imekufa, ama regyuleta, kidhibiti cha chaji, inazidisha; funua vifuniko vya betri uangalie maji.

Voltimita, geji inayopima volti za betri, ni rahisi zaidi. Gari limelala usiku kucha: 12.6 betri imejaa, 12.2 imebaki nusu. Injini ikizunguka, 13.8 hadi 14.4. Ikipita 15, inaua betri.

Nilipochemka mimi ni kwenye nyaya. Umeme wote unaoingia na kutoka kwenye betri, isipokuwa wa stata, unapita ndani ya amita. Nilitoa dynamo ya ampea 22, nikafunga altaneta, mrithi wa dynamo, ya 55, amita ya 30 nikaiacha ilivyo. Siku moja betri ilikuwa chini kabisa, nikawasha gari kwa kusukumwa. Sikufika mbali, nikanusa plastiki inaungua nyuma ya dashibodi.

Kwa hiyo ukifunga altaneta kubwa, ondoa betri kwanza, kisha vuta waya mnene kutoka altaneta moja kwa moja hadi betri. Nyaya mbili za amita ziunganishe kwa boliti, uzifunge vizuri zisiguse bodi. Voltimita inataka waya mwembamba tu: mmoja kutoka kwenye swichi ya ufunguo kupitia fyuzi ndogo, mwingine kwenye bodi. Amita usiifunge hivyo hata kwa kujaribu. Ni shoti ya wazi.

Na wewe unayebaki na amita: Land Rover hizi zilitoka kiwandani ncha chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi. Ukigeuza betri, hasi ikae kwenye bodi, badilisha na nyaya za amita, huu uende mahali pa ule. Kisha washa taa injini ikiwa imezimwa. Mshale ukienda upande wa kujumlisha, umesahau.