Jinsi ya kufungua programu ya kompyuta kwa kubofya kiungo kwenye ukurasa wa wavuti

Mwenzangu mmoja kazini alikuwa na mfumo wa oda unaotumika ndani ya kivinjari, na pembeni yake programu ya stoo iliyosakinishwa kwenye kompyuta za Windows. Alitaka mtu akibofya namba ya oda, programu ifunguke ikiwa na oda hiyohiyo. Ushauri aliokuwa ameokota mtandaoni ulikuwa wa zama zilizopita: ActiveX ya Internet Explorer, Java Web Start iliyoondolewa kwenye Java 11 mwaka 2018, na programu-jalizi za NPAPI ambazo Chrome iliziacha mwaka 2015. Achana na hayo yote. Sajili itifaki yako mwenyewe, yaani neno la mwanzo wa anwani linaloiambia kompyuta ifungue programu gani, ifanye kazi kama `mailto:` inavyofungua programu ya barua pepe.

Wapo wanaotengeneza kiendelezi cha kivinjari, au kuendesha seva ndogo kwenye kompyuta ya mtumiaji ili ukurasa uongee nayo. Kama ukurasa hausubiri jibu kutoka kwa programu, huko ni kujitafutia kazi.

Hatua ya 1: Jina

Lianze na herufi, kisha herufi, tarakimu, kistari, nukta au alama ya kujumlisha. Mstari wa chini (`_`) haukubaliki. Usichukue jina ambalo programu nyingine inaweza kulitaka. Mimi natumia `stooyetu`.

Hatua ya 2: Usajili

Andika faili hili kwa Notepad, lihifadhi kwa jina `stooyetu.reg`, kisha libofye mara mbili:

```
Windows Registry Editor Version 5.00

[HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes\stooyetu]
@="URL:Stoo Yetu"
"URL Protocol"=""

[HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes\stooyetu\shell\open\command]
@="\"C:\\Program Files\\Stoo\\stoo.exe\" \"%1\""
```

Faili hili linaandika kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Miongozo mingi huandika kwenye sehemu yake ya `HKEY_CLASSES_ROOT`. Mimi napendelea `HKEY_CURRENT_USER` kwa sababu haidai haki za msimamizi, na ukiharibu kitu unakuwa umejiharibia wewe peke yako. Mstari wa `URL Protocol` uko mtupu, lakini usiufute: huo ndio unaoiambia Windows kwamba hii ni itifaki.

Hatua ya 3: Mstari wa amri, na kuujaribu bila kivinjari

Hapa ndipo saa zinapopotelea, kwa sababu kosa la hapa halileti ujumbe wowote. Unabofya, kimya. Unalaumu ukurasa, unalaumu kivinjari, unaanza kuandika JavaScript, na kumbe shida iko kwenye mstari mmoja wa rejista.

Kwa hiyo kivinjari kiweke kando kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `stooyetu:oda/4512`, bonyeza Enter. Programu isipofunguka hapa, haitafunguka kwenye ukurasa wowote.

Kagua alama za nukuu. Njia ya faili iwe ndani ya nukuu zake, na `%1`, yaani nafasi inayojazwa na anwani iliyobofywa, ndani ya zake. Njia yenye nafasi, kama `Program Files`, ikikosa nukuu, Windows inaweza kudhani programu inaitwa `C:\Program` na yanayofuata ni maelezo tu. `%1` ikikosa nukuu, anwani yenye nafasi itafika imekatika vipande. Ndani ya faili la `.reg` kila mkwaju wa nyuma (`\`) unaandikwa mara mbili na kila nukuu inatanguliwa na mkwaju wa nyuma. Ukihariri moja kwa moja ndani ya `regedit`, kihariri cha rejista, hayo ya kurudufu usiyaandike.

Nukuu zikiwa sawa na programu bado inafunguka na kufa papo hapo, angalia folda ya kazi. Programu ikiitwa kwa kiungo, haianzii lazima kwenye folda yake, huanzia pale aliyeiita alipo. Kama inatafuta `mipangilio.ini` bila njia kamili, hailioni. Huyo mwenzangu alikwama hapohapo: ikoni ilifungua programu vizuri, kiungo kiligoma. Ili kuona kinachofika hasa, elekeza amri kwa muda kwenye faili la `.bat` (orodha ya amri za Windows) lenye mistari hii:

```
@echo off
echo %1 >> "%TEMP%\stoo.txt"
cd >> "%TEMP%\stoo.txt"
```

Ukimaliza uchunguzi lifute, si la kuachia watumiaji.

Utaona kwamba programu inapokea anwani nzima, pamoja na `stooyetu:` mwanzoni. Kuikata ni kazi ya programu yako. Nafasi zikitoka kwenye kivinjari mara nyingi hufika kama `%20`, nazo zinahitaji kurudishwa. Ndiyo maana pia siandiki `stooyetu://4512`: kinachofuata mikwaju miwili huhesabiwa kama jina la seva, na mara nyingine mkwaju wa ziada huongezwa mwishoni. Nukta mbili peke yake inatosha.

Jambo jingine, Windows huanzisha nakala mpya kila kiungo kinapobofywa. Kama hutaki madirisha kumi, programu yenyewe ndiyo igundue kwamba tayari iko wazi.

Hatua ya 4: Kiungo

```
<a href="stooyetu:oda/4512">Fungua kwenye Stoo</a>
```

Basi. Kivinjari kitamwomba mtumiaji ruhusa, na hilo usihangaike kulikwepa. Usijaribu pia kufungua programu ukurasa unapopakia bila mtu kubofya, vivinjari huenda vikazuia. Ukurasa hauna njia ya kuaminika ya kujua kama programu imesakinishwa, hivyo weka kiungo cha kuipakua pembeni. Kwa ofisi yenye kompyuta nyingi, sera (mpangilio wa msimamizi) ya `AutoLaunchProtocolsFromOrigins` ya Chrome na Edge huruhusu itifaki yako bila kuuliza, kwa tovuti ulizozitaja tu.

Hatua ya 5: Usiamini kinachokuja

Tovuti yoyote duniani inaweza kuandika kiungo cha `stooyetu:`, si yako peke yake. Programu ipokee namba ya oda tu, tarakimu tupu baada ya `oda/`, na kingine chochote ikitupe. Usipitishe nenosiri wala njia ya faili. Kiungo kifungue na kuonyesha, kisifute wala kulipa bila mtu kuthibitisha ndani ya programu.

Linux na Mac

Linux, weka `stooyetu.desktop` ndani ya `~/.local/share/applications`:

```
[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Stoo
Exec=/opt/stoo/stoo %u
MimeType=x-scheme-handler/stooyetu;
```

Kisha:

```
xdg-mime default stooyetu.desktop x-scheme-handler/stooyetu
xdg-open stooyetu:oda/4512
```

Kwenye Mac jina la itifaki linatajwa ndani ya `Info.plist` ya programu, chini ya `CFBundleURLTypes`. Huko anwani haiji kwenye mstari wa amri. Mfumo huipelekea programu kama tukio, kwa hiyo msimbo wa kuipokea utauandika upya.