Namna ya Kutunza Kumbukumbu za Mafuta Yanayohamishwa Kati ya Meli Mbili Baharini

Afisa anayesimamia shehena ana wajibu wa kisheria usiokwisha pale mipira ya kupitishia mafuta inapofunguliwa. Wajibu huo umo katika Sura ya 8 ya Kiambatisho cha Kwanza cha MARPOL, yaani mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2011, na unaihusu kila meli ya mafuta yenye ujazo wa jumla wa tani 150 au zaidi inayopeana shehena na meli nyingine ya mafuta baharini. Kujaza mafuta ya injini hakuhesabiwi humo, wala uhamishaji wa dharura unaofanywa kuokoa maisha au meli.

Kabla ya siku yenyewe, hakikisha kwamba meli ina mpango wa uhamishaji uliothibitishwa na nchi ya bendera (nchi ambako meli imesajiliwa) na kuandikwa kwa lugha ya kazi ya mabaharia. Ikiwa kazi itafanyika katika bahari ya kitaifa au ukanda wa kiuchumi wa baharini wa nchi mwanachama wa mkataba huo, kama vile Kenya au Tanzania, taarifa ipelekwe kwa nchi hiyo angalau saa 48 mapema, ikitaja meli, mahali, wakati, aina na kiasi cha mafuta, muda ambao kazi inatarajiwa kuchukua, na msimamizi mshauri, yaani mtu anayeongoza uhamishaji kwa ushauri. Muda wa kuwasili ukibadilika kwa zaidi ya saa sita, peleka taarifa mpya. Nakushauri uweke nakala ya kila taarifa pamoja na jibu lake, kwa sababu mkaguzi akiuliza miezi minane baadaye, kumbukumbu ya kichwani haitakusaidia.

Kiini cha kazi ni Kitabu cha Kumbukumbu za Mafuta, Sehemu ya Pili, ambamo kila aina ya kazi ina herufi yake. Meli inayopokea huandika chini ya herufi A: mahali pa kupakia, aina ya mafuta, matangi yaliyotumika, na kiasi kilichoongezwa kwa mita za ujazo katika nyuzi 15 za Selsiasi pamoja na jumla iliyomo matangini. Meli inayotoa huandika chini ya herufi C: mahali, matangi yaliyopakuliwa, na kama yamekwisha kabisa, yasipokwisha, kiasi kilichobaki. Kwa kuwa baharini hakuna jina la gati, ni vyema kuandika latitudo, longitudo na jina la meli ya pili. Mafuta yakimwagika kwa ajali, hilo huandikwa chini ya herufi N pamoja na mazingira na sababu zake.

Andika bila kuchelewa, kwa wino usiofutika. Afisa aliyesimamia kazi hutia saini kila ingizo, na nahodha kila ukurasa uliojaa. Ukikosea, piga mstari mmoja ili maneno ya awali yaendelee kusomeka, kisha andika sahihi na utie saini na tarehe. Maingizo yawe angalau kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania.

Hapa ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa zaidi. Vipimo vya meli mbili mara nyingi hutofautiana kidogo, na afisa mchanga huweza kushawishika kuandika takwimu za mwenzake ili vitabu vifanane. Usifanye hivyo kamwe. Andika ulichopima kwenye matangi yako, na kama tofauti ni kubwa, iandikie barua ya pingamizi, yaani barua rasmi ya kueleza kwamba hukubaliani na takwimu za meli ya pili, kabla meli hazijaachana. Tofauti iliyoelezwa ina utetezi, lakini takwimu ya kuazima haina.

Kumbukumbu za uhamishaji, pamoja na daftari la pekee iwapo mpango wa meli unalitaka, hukaa melini kwa miaka mitatu na ziwe tayari kukaguliwa. Kitabu cha kielektroniki kinakubalika iwapo nchi ya bendera imekiidhinisha. Mkaguzi bandarini ana haki ya kunakili ingizo lolote na kumtaka nahodha athibitishe kwamba nakala ni ya kweli, na nakala hiyo hupokelewa mahakamani kama ushahidi.