Wordle: namna ya kuicheza kila siku bila kuichoka

Wordle ni mchezo wa mtandaoni wa kukisia neno, na kama hujawahi kuicheza usiogope, sheria zake unazielewa kwa dakika moja. Kuna neno la Kiingereza la herufi tano limefichwa, una nafasi sita za kukisia, na kila ukiandika neno vijiboksi vinabadilika rangi: kijani maana yake herufi ipo na imekaa mahali pake, njano ipo ila sio hapo, kijivu achana nayo. Kesho linakuja jingine. Na wote mnaocheza siku hiyo mnahangaika na neno lile lile, hapo ndo utamu wenyewe ulipo. Josh Wardle aliitengeneza acheze na mwenzi wake, akaiachia watu wote Oktoba 2021, tarehe 1 Novemba wachezaji walikuwa 90 tu, mwanzoni mwa Januari 2022 wakawa 300,000 na mwezi huo huo gazeti la Marekani, New York Times, wakainunua. Yaani kitu kinachokupa neno moja halafu kinakwambia haya nenda kafanye kazi zako, ndo watu wakakikimbilia hivyo.

Tuje kwenye neno la kwanza. Wengi wanaanza na ADIEU kwa sababu ina vokali nne, hata mimi nilikuwa huko miezi mingi tu, lakini ukishajua kuna A na I bado uko gizani, maana konsonanti ndo zinazotenganisha maneno. Anza na SLATE au CRANE. Chagua moja ukae nayo, utaanza kuzoea nini kinafuata baada yake. Neno la pili usirudishe herufi iliyotoka kijivu (watu wanafanya hivi kila siku jamani), na ukikwama kumbuka herufi inaweza kujirudia, MUMMY ina M tatu.

Halafu kuna mtego mmoja umeua rekodi za watu wengi. Umepata kijani nne, _IGHT, unashangilia, kumbe bado kuna EIGHT, FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, SIGHT, TIGHT na zote zinaingia. Ukianza kujaribu moja moja nafasi zinaisha unajiona. Hapo tulia, toa nafasi moja sadaka: andika FIRMS. F ikitoka kijani ni FIGHT, R ikiwa njano ni RIGHT, M njano ni MIGHT, S njano ni SIGHT, na zote zikiwa kijivu umebakiwa na nne tu. Neno moja limekufanyia kazi ya manne. Ila kama umewasha ile hali ngumu kwenye setingi haitakuruhusu, lazima utumie kila herufi uliyoshapata, ndo maana mimi nimeizima na sioni aibu.

Kushea matokeo shea, ile gridi ya rangi haionyeshi herufi kwa hiyo haimharibii mtu. Usiandike tu jibu lenyewe kwenye grupu, neno linabadilika saa sita usiku kwa saa ya simu yako, kwa hiyo aliye magharibi yako anaweza kuwa bado yuko jana.

Na kama Kiingereza kinakuchosha mnaweza kucheza kwa Kiswahili, karatasi tu au meseji zinatosha, mmoja anaficha neno mwingine anakisia na mwenye neno anajibu rangi. Mbinu inabadilika kidogo hapa, maneno yetu karibu yote yanaishia na vokali kwa hiyo boksi la mwisho usilihangaikie sana, pambana na mwanzo, kule kwenye ny, sh, ch, mb, nd. Juzi nimeficha NYOKA, mwenzangu akaanza na SHOKA, nikampa kijani tatu za mwisho, S na H kijivu. Akatuma CHOKA! Wakati H nimeshamwambia haipo. Nikamcheka, akasema eti alikuwa anapima C, haya. Ya tatu akapata.

Kabla hamjaanza kubalianeni kabisa kama vitenzi vinaruhusiwa, sisi hatukukubaliana na tukabishana juu ya hiyo choka yake mpaka neno jipya la Wordle likatoka.