Saa ya kwanza ya mazoezi

Wewe unayeanza kukimbia, usikimbilie saa ya GPS, ile inayopima umbali kwa setilaiti. Mimi hukimbia alfajiri ufukweni Shangani, hapa Mtwara, na mwaka mzima wa kwanza nilivaa Casio F-91W, ile nyeusi nyepesi ya plastiki. Betri hukaa miaka kama 7. Taa yake hafifu kwelikweli, lakini muda unausoma. Umbali niliiachia simu mfukoni.

Ila za bandia zimejaa. Kabla hujatoa hela, bonyeza kitufe cha kulia ukishikilie sekunde 3 hivi: halisi huandika CASIo kwenye kioo. Isipoandika, mrudishie muuzaji saa yake kwa salamu.

Jua na kasoro zake. Kipima muda huishia dakika 59 na sekunde 59, kisha kinaanza sifuri. Siku ukikimbia zaidi ya saa, mfano hadi Mikindani, mji wa jirani, na kurudi, kumbuka kuongeza saa nzima kichwani. Pia haihesabu muda kurudi nyuma, kwa hiyo ukikimbia dakika 2 na kutembea 1, utaiangalia mwenyewe. Jasho na manyunyu inavumilia. Kuogelea nayo baharini, hapana.